Kumbukumbu Ilipopimwa: Kutoka Hazina Hadi Tandika

Mwaka 1965, Wizara ya Fedha ilifunga mjini Dar es Salaam kompyuta ya kwanza nchini Tanzania. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, ingawa ukiifungua ulikuta mashine ya Kimarekani, RCA 301, iliyobandikwa nembo nyingine. Serikali changa ilitaka hesabu zake ziende haraka, na kazi hiyo iliikabidhi kwa mashine ambayo kumbukumbu yake ilikuwa vipete vya ferraiti, vyenye upana wa milimita moja au mbili, vilivyotungwa kwenye nyaya nyembamba. Utungaji huo ulifanyika kwa mkono viwandani, aghalabu na wanawake wenye macho makali na vidole vyepesi. Kila kipete kilibeba biti moja: usumaku ukizunguka upande huu ni sifuri, ukizunguka upande wa pili ni moja.

Kumbukumbu ya namna hiyo ilikuwa na sifa ambayo mwenye steshenari wa Mbagala leo angeitamani. Umeme ukikatika, vipete vilibaki na kile vilichokishika. Udhaifu wake ulikuwa kwingine. Kukisoma kipete kulikifuta, kwa hiyo kila usomaji ulifuatwa na kuandika upya, na mashine isiyoandika upya sawasawa ilipoteza tarakimu kimyakimya. Tena waya uliokwenda kwenye kipete kimoja ulipita pia kwa majirani zake, na kila jirani alitoa mshtuko wake mdogo wa umeme. Mishtuko hiyo ikijumlishwa iliweza kuifunika ishara ya kipete kilichoulizwa. Wahandisi wakabuni namna ya kuijaza kumbukumbu sifuri na moja zikipishana kama vyumba vya bao la drafti, ili mishtuko ya majirani ifike kilele chake na kipete kigonjwa kijitokeze. Mpangilio huo umebaki hadi leo ndani ya programu za kupima ramu, ingawa vipete vyenyewe vimebaki makumbusho.

Wanaosimulia historia ya kompyuta huanza na kukokotoa. Mimi naianza na kupima kumbukumbu, kwa kuwa ndiko ilikoanzia kweli. Mjini Manchester, baada ya Vita Kuu ya Pili, Freddie Williams na Tom Kilburn waligundua kwamba nukta za chaji kwenye kioo cha bomba la picha, la aina iliyotumika kwenye rada na televisheni, zinaweza kutunza biti. Chaji hiyo ilififia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, ikabidi iandikwe upya bila kukoma. Maabarani ilifanya kazi. Lakini je, ingestahimili kuandikwa na kusomwa kwa kasi ya kazi halisi, maelfu kwa maelfu ya mara, bila biti hata moja kupotea? Hakukuwa na chombo cha kulijibu swali hilo, wakakijenga wao wenyewe wakiwa na Geoff Tootill. Mashine yao ilipewa jina la utani Baby. Ilikuwa na maneno 32 ya biti 32, yaani biti 1,024 tu.

Tarehe 21 Juni 1948 Baby iliendesha programu yake ya kwanza: kutafuta kigawanyo kikubwa kuliko vyote cha 262,144, ukiacha namba yenyewe, kwa kujaribu namba moja baada ya nyingine kutoka juu kwenda chini. Jibu, 131,072, mtoto wa shule angelipata kwa kugawa kwa mbili. Lakini hawakuwa wanatafuta jibu. Walitaka kumbukumbu ihangaishwe kwa muda mrefu, nayo ilihangaishwa dakika 52, hatua takriban milioni 3.5, ikatoa jibu sahihi. Kompyuta ya kwanza duniani kutunza programu yake ndani ya kumbukumbu ya kielektroniki ilijengwa ili ipime kumbukumbu hiyo. Kampuni ya Ferranti iliigeuza kazi ya Manchester kuwa bidhaa mwaka 1951, na mwaka 1963 biashara ya kompyuta ya Ferranti ikanunuliwa na ICT, kampuni hiyohiyo iliyoiuzia Hazina yetu miaka miwili baadaye.

Upande wa pili wa Atlantiki, chuo cha MIT, hadithi ilijirudia. Kompyuta iitwayo Whirlwind ilisumbuliwa mno na mabomba yake ya kumbukumbu. Jay Forrester akaja na vipete vya usumaku, na ili viaminiwe, mhandisi kijana Ken Olsen alijenga kompyuta nzima kwa ajili ya kuvipima tu. Iliitwa kwa kazi yake: Memory Test Computer. Mwaka 1953 vipete vilivyofaulu humo vilihamishiwa Whirlwind.

Huku kwetu safari ilikatika mwaka 1974. Nchi ilikuwa na kompyuta saba. Jitihada za kuingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta zilikuwa zimevurugika, wataalamu wa nyumbani walikuwa wachache, na serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Naielewa hofu ya wakati ule: fedha za kigeni zilikuwa haba na mashine zilikuwa zimetia hasara. Hata hivyo, hasara kubwa ya marufuku hiyo ilikuwa mikono kuliko mashine. Mafundi redio wa Magomeni, Temeke na Keko, watu walioweza kufufua redio ya transista kwa waya wa kuchomelea na subira, walikosa kuiona kumbukumbu ikihama kutoka usumaku kwenda silikoni. Mabadiliko makubwa kuliko yote katika historia ya ramu yalienea mlango ukiwa umefungwa.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa yameanza kabla ya marufuku. Robert Dennard wa IBM alipata hataza mwaka 1968 ya kutunza biti moja kwa transista moja na kapasita moja ndogo. Mwaka 1970 Intel ilitoa chipu ya 1103, yenye biti 1,024, sawa na Baby nzima, na bei yake ikaanza kuvisukuma vipete nje ya soko. Kapasita hiyo huvuja. Ikiachwa, chaji yake inakwisha, kwa hiyo mashine lazima izipitie safu zote na kuzijaza upya, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64, usiku na mchana, ilimradi umeme upo. Umeme ukienda, kila kitu kinakwenda.

Na biti inaweza kuharibika kwa namna nyingi. Ipo iliyoganda kwenye sifuri au moja, haigeuki hata uiandikeje. Ipo inayogeuka jirani yake akiandikwa. Ipo inayovuja upesi kuliko wenzake, ikasahau kabla zamu ya kujazwa haijafika. Upo pia ubovu wa anwani, ambapo mashine inaandika nyumba namba 10 na barua inaingia namba 42. Halafu kuna makosa yasiyo na ubovu kabisa. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel walionyesha kwamba chembe za alfa kutoka kwenye urani kidogo iliyokuwamo katika kauri ya kufungia chipu zilitosha kugeuza biti. Chipu ilikuwa nzima. Ganda lake ndilo lililoirushia mawe.

Uzito wa biti moja unaonekana vizuri kwenye jedwali la alama za shule. Alama 35 ndani ya kompyuta ni biti nane: 00100011. Igeuke ya pili kutoka kushoto tu, inakuwa 01100011, yaani 99. Mtoto aliyefeli amekuwa wa kwanza darasani, na hakuna aliyeiba mtihani. Mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alijikuta na kura 4,096 za ziada kwenye kompyuta. Namba hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi na mbili, yaani thamani kamili ya biti moja, na waliochunguza hawakupata maelezo mengine zaidi ya biti iliyogeuka yenyewe. Iligundulika kwa sababu kura zilizidi zile ambazo mgombea angeweza kuzipata.

IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981, kila baiti ilikuwa na biti ya tisa ya ulinzi, na mashine ikiwashwa ilijipima kumbukumbu kwanza. Ikikuta kosa iliandika namba 201 kwenye skrini. Katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji wa kompyuta za bei nafuu waliitoa ile biti ya tisa kuokoa gharama. Uamuzi huo wa kibiashara ndio uliomwachia mtumiaji wa kawaida, na fundi wake, mzigo wote wa kupima. Seva za benki zilibaki na ramu inayojisahihisha. Mashine za watu wa Tandika hazikubaki nayo.

Hesabu ya kupima nayo ina historia yake. Njia kamili ingekuwa kuigeuza kila biti kisha kuzitazama biti nyingine zote. Kwa ramu ya gigabaiti 4, yenye biti zaidi ya bilioni 34, kazi hiyo ingehitaji zaidi ya miaka 37,000 hata ukifanya hatua bilioni moja kwa sekunde. Mwaka 1978 Nair, Thatte na Abraham walichapisha njia ya kutembea: unaanza chini, unasoma sifuri unaandika moja, anwani kwa anwani hadi juu, kisha unarudi kutoka juu ukisoma moja ukiandika sifuri. Kwenda na kurudi huko kunanasa biti zilizoganda, anwani zilizopotea na majirani wanaosumbuana. Matoleo yaliyofuata yalifupishwa hadi hatua kumi kwa kila biti, na kwa kasi ileile miaka 37,000 ikawa chini ya dakika sita. Kwangu mimi huo ni mmoja wa ushindi mkubwa usioimbwa katika sayansi ya kompyuta.

Mwaka 1994 Chris Brady aliandika Memtest86, programu inayojiendesha yenyewe bila Windows wala Linux, ili iweze kuipima karibu kumbukumbu yote. Ilitolewa bure. Mwaka huohuo ITV ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara, na Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha VETA, ambayo chuo chake cha Chang'ombe kipo Temeke. Mlango ulikuwa unafunguka. Kompyuta zilianza kuingia, kwanza kwenye maofisi ya mjini, halafu kwenye migahawa ya intaneti ya Mwenge, Sinza na Magomeni, halafu kwenye steshenari za kila mtaa, ambako leo mwanafunzi anajaziwa maombi kwa Bodi ya Mikopo na mama anachapishiwa mkataba wa chumba. Nyingi zilikuwa mtumba, kutoka Ulaya au kupitia Dubai, zimeshafanya kazi miaka mitano kwenye ofisi ya mtu mwingine. 

Mashine hizo zilikutana na umeme wa TANESCO. Ukame wa 2006 ulipolishusha bwawa la Mtera, na tena katika mgao wa 2011, umeme ulikuwa ukikatika saa nyingi kwa siku na kurudi kwa kishindo. Watu walizoea kusema umeme umeunguza ramu. Mara nyingi kilichoungua ni pawasaplai au mazabodi. Ramu yenyewe ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Adui yake mkubwa Dar es Salaam ni hewa. Unyevu na chumvi ya bahari huyatia utando yale meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti, vumbi la barabara za Mbagala linajazia, na mashine inawaka feni zikizunguka bila picha, ikipiga mlio mrefu unaojirudia.

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Fundi anaichomoa ramu, anayageuza meno yake kwenye mwanga wa mlango, anayasugua kwa kifutio cha penseli, anapuliza sloti, anairudisha hadi vibanio vya pembeni vilie ta, ta. Mashine inawaka, mteja anatoa elfu kumi na kuondoka na furaha yake. Kifutio kinafanya kazi, hilo halina ubishi, ingawa kikiwa kigumu kinakwangua dhahabu na mwaka ujao kutu inarudi kwa nguvu. Pamba yenye spiriti safi ni bora. Lakini kusugua ni kutibu mguso. Biti inayovuja ndani ya chipu haisikii kifutio. Mteja huyo anaweza kurudi baada ya wiki akilalamika kwamba Windows inaganda au inaleta skrini ya bluu, na hapo akaambiwa aweke Windows upya. Ndani ya kumbukumbu mbovu, hata hiyo Windows mpya inanakiliwa ikiwa na makosa. Pesa nyingi za watu wa Temeke na Kinondoni zimepotelea kwenye kosa hilo moja la kuruka kipimo.

Fundi mwenye uzoefu hufanya hivi. Ana flashi yenye Memtest86+, toleo lililoendelezwa na Samuel Demeulemeester tangu 2004. Anawasha mashine kwa flashi hiyo, skrini inajaa maandishi na asilimia zinapanda. Mstari mwekundu ukitokea, unaonyesha anwani, kilichoandikwa na kilichosomwa. Kosa likiwa biti ileile kila mara, hiyo ni dalili nzuri ya biti iliyoganda au meno machafu. Makosa yakitapakaa anwani zote, anaanza kuishuku mazabodi, au prosesa, ambamo siku hizi kidhibiti cha ramu kimewekwa. Kisha anachomoa ramu moja, anapima iliyobaki. Anabadilisha, anapima tena. Halafu anaihamisha ile yenye kosa kwenye sloti nyingine. Kosa likiifuata ramu, ramu ndiyo mbovu. Kosa likibaki kwenye sloti, ukinunua ramu mpya Kariakoo umetupa hela.

Mafundi wengi wanaiacha mashine ipimwe usiku kucha, na mimi nakubaliana nao nusu. Muda mrefu ni mzuri, maana ubovu mwingine hujitokeza mara moja tu katika mizunguko mingi. Lakini kapasita huvuja zaidi kwenye joto. Viwango vya ramu za DDR vyenyewe vinataka ijazwe mara mbili zaidi chipu inapopita nyuzi 85. Kompyuta iliyopimwa saa nane usiku, kifuniko kikiwa wazi na feni ya ukutani ikiipuliza, inafaulu. Ileile, saa nane mchana wa Februari ndani ya kibanda cha bati Tandika, kifuniko kimefungwa na vumbi limeziba matundu, inafeli. Kwa jiji letu, kipimo cha haki ni cha mchana, mashine ikiwa imefungwa kama mteja atakavyoitumia. Na iwe kwenye UPS, kwa kuwa umeme ukikatika katikati, majibu nayo yanakwenda. Yalikuwa kwenye ramu hiyohiyo.

Asiye na flashi anacho kipimo tayari. Tangu Vista, Windows huja na programu ya kupima kumbukumbu. Unaandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, mashine inajizima na kuwaka ikijipima. Haina ukali wa Memtest, lakini inatosha kumkamata muuzaji wa mtumba kabla hujalipa. Kumwambia "fundi, naomba tuipime ramu kwanza, nasubiri" si kumvunjia mtu heshima. Muuzaji mwenye mali nzima anakuvutia kiti.

Laptopu nyembamba zimeleta tatizo jipya: ramu imechomelewa kwenye mazabodi, haichomoki. Wapo wanaoweza kuing'oa chipu kwa hewa ya moto na kuweka nyingine, lakini ni kazi ghali na ya hatari. Njia ya upole zaidi ilifunguliwa na Rick van Rein, aliyebuni BadRAM kwa ajili ya Linux: anwani mbovu zilizotajwa na Memtest unazikabidhi kwa mfumo, nao unazikwepa. Windows pia ina orodha yake ya kurasa za kumbukumbu zisizotumika. Laptopu yenye biti tatu mbovu kati ya mabilioni haistahili kutupwa jalalani Pugu.

Toleo la 6 la Memtest86+ lilitoka mwaka 2022, limeandikwa upya ili lifanye kazi kwenye mashine za UEFI zilizokuwa zikiyakataa matoleo yake ya zamani. Wakati huohuo ramu za DDR5, ambazo kiwango chake kilitangazwa mwaka 2020, zinajisahihisha zenyewe ndani ya chipu bila kuiambia mashine. Biti dhaifu inafichwa, na kipimo kinaonyesha salama hadi siku inapopata mwenzake na wawili hao kushinda usahihishaji. Mashine za DDR5 zinazofanya kazi leo kwenye maofisi ya Ulaya na Dubai ndizo zitakazokuwa mtumba wa kesho Mwenge na Tandika, na fundi atakayezipokea atahitaji kuzipasha joto zaidi, na kuzipima muda mrefu zaidi, kuliko alivyozoea.